Kukalisha na Kubana: Maneno ya Kazi ya Kushikiza Vipande Visivyo na Umbo Sawa

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyotwikwa mizigo mingi kuliko nguvu zao, kitenzi "bana" hakikosi kutajwa. Katika lugha ya karakana za chuma neno hili huitwa kufanya kazi tangu dakika kipande kinapoinuliwa kutoka sakafuni hata dakika chombo cha kukata kinapokigusa. Kukiweka kipande juu ya meza ya mashine ni kubana; kukisogeza mpaka kiguse vizuizi vyake ni kubana; kukitegemeza upande ulio mwembamba ni kubana; na kukaza nati za mwisho ni kubana vile vile. Kazi ikiharibika, mwanafunzi huambiwa kwamba hakubana vizuri, naye kwa haki kabisa hufahamu kwamba imempasa kukaza zaidi. Hapo kosa la lugha hugeuka kosa la kazi, maana mara nyingi kipande kimeharibika kwa sababu kimekazwa mno, au kimekazwa mahali pasipofaa, au kimekazwa kabla hakijakaa.

Umaskini huu wa maneno hauonekani mradi kipande ni cha mraba. Chuma chenye nyuso sita zilizonyooka husamehe mengi: kikitiwa kati ya taya mbili za jiliwa, kukaa na kubanwa hutukia kwa pigo moja, na mwalimu aliyetumia neno moja kwa mambo mawili hapati aibu. Aibu huja na kipande kisicho na umbo sawa. Ganda la pampu lililosubiwa katika kalibu ya mchanga halina uso hata mmojawapo ulionyooka. Lina tumbo, lina shingo, lina masikio yaliyochomoza, na ngozi yake ni ya mikwaruzo. Ukiliweka mezani hucheza. Ukilitia katika jiliwa, taya moja hugusa nundu na taya ya pili hugusa hewa. Hapa kauli "libane vizuri" haimfundishi mtu chochote, nayo inaweza kumwumiza.

Jambo hili limezidi uzito tangu mashine zilipoanza kuongozwa na tarakimu. Inafaa kukumbuka kwamba mashine hizo zilizaliwa kwa ajili ya maumbo ambayo si sawa. John T. Parsons wa Marekani alikuwa akishughulika na mabapa ya rafadha za helikopta, ambayo mkunjo wake hauwezi kufuatwa kwa urahisi na mkono wa fundi. Kutokana na shughuli yake hiyo, na kwa fedha za jeshi la anga la nchi ile, chuo cha MIT kilionyesha watu mwaka 1952 mashine ya kuchonga iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Leo utepe umekwisha, na kompyuta imeshika mahali pake. Mashine za namna hiyo huitwa CNC kila mahali, na katika karakana za Afrika ya Mashariki pia.

Fundi wa zamani aliyezungusha gurudumu la mashine kwa mkono wake alikuwa na hisi. Kipande kikiteleza unywele mmoja, alisikia katika kiganja, akarudi nyuma, akatazama, akasahihisha. Mashine ya tarakimu haisikii namna hiyo. Imepewa chanzo cha vipimo, yaani ile nukta ambayo urefu wote huhesabiwa kutoka kwake, nayo huenda mahali ilipoagizwa iwe kipande kipo au kimehama. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi wa CNC si "Kimebanwa kwa nguvu kiasi gani?" bali ni "Kiko wapi?" Tena, akiondoa kipande cha kwanza na kuweka cha pili, cha pili kitakuwa pale pale alipokuwa mwenziwe? Lugha inayoanza na nguvu na kusahau mahali humwelekeza mwanafunzi kwenye swali lisilo lake.

Wahandisi wana kanuni moja ya kale katika habari hii, nayo ni nyepesi kueleza kwa Kiswahili kuliko wanavyodhani wengi. Kitu kilicho huru kina nyendo sita: chaweza kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, tena chaweza kuzunguka katika kila mmojawapo wa mihimili hiyo mitatu. Ili kitu kiwe na mahali pamoja tu, nyendo zote sita lazima zizuiwe, na kila mmoja huzuiwa na nukta moja ya kugusa. Nukta tatu huwekwa chini ya uso ulio mpana, mbili ubavuni, moja mwishoni. Nukta tatu za chini huondoa mwendo wa kushuka na kuinama kwa pande mbili. Mbili za ubavuni huondoa kwenda upande na kuzunguka juu ya meza. Ile moja huondoa mwendo uliosalia. Ikiongezwa nukta ya saba yenye kimo kisichobadilika, kipande hakizidi kutulia, bali huanza kubishana na vizuizi vyake.

Waandishi wengine wameifanya kanuni hii kuwa jambo la vitabu vya nje, ilhali mtoto yeyote aliyelelewa penye meko ya mawe ameiona. Chungu chenye kitako cha mviringo ni kipande kisicho na umbo sawa, na ardhi ya jikoni si meza iliyopigwa randa. Walakini chungu juu ya mafiga matatu hakichezi, hata kama mawe hayalingani. Ukiongeza la nne, chungu kitalikalia jiwe hilo na kuliacha jingine, au kitayumba baina yao. Methali husema jifya moja haliinjiki chungu, na watu huisoma kama habari ya ushirikiano. Ni kweli, lakini yamkini wapishi waliokuwa wa kwanza kuisema walikuwa na habari nyingine pia akilini mwao. Fundi anayeweka ganda la pampu juu ya vichwa vitatu vya mviringo, badala ya kulilaza juu ya bamba, ameinjika chungu. Amechagua nukta tatu zilizo mbali mbali kadiri inavyowezekana, kwa kuwa mafiga yaliyokaribiana hupindua chungu. Na kama chombo cha kukata kitabonyeza nje ya pembetatu ya nukta hizo, ajua kwamba kipande kitainuka upande wa pili.

Sasa, tendo hili la kukifanya kipande kigonge nukta zake zote sita na kutulia juu yake lataka kitenzi chake lenyewe. "Kuweka" ni pana mno. Mtu huweka kofia, huweka akiba, huweka neno. "Kupachika" kwafaa kwa kitu kinachoingia katika tundu au pengo, kama mpini katika shoka, nacho hakifai kwa kitu kinachoegemea. "Kupima" ni kazi nyingine, ijapokuwa hufuatana na hii. Neno lililo karibu zaidi ni "kukalisha". Itasemwa kwamba wanaokalishwa ni wageni. Lakini usemi wa kila siku umekwisha kujibu pingamizi hilo. Watu husema mlango haujakaa, maana yake bawaba ziko na mlango upo, ila hauketi katika fremu yake. Husema kanzu imemkaa, jembe halijakaa. Katika mifano yote hiyo "kukaa" ni kupata mahali palipokusudiwa, bila neno lo lote juu ya nguvu. Kipande kilichokaa na kipande kilichobanwa ni vitu viwili, na Kiswahili cha mitaani kinajua tofauti hiyo. Kilichobaki ni kwa Kiswahili cha maandishi ya ufundi kuikubali.

Faida yake huonekana mara moja katika kitu kilichosubiwa. Ganda la pampu lisipokaa, mashine itakata sana upande mmoja na kuacha ngozi ya kalibu upande wa pili. Ukuta wa hapa utakuwa mnene na ukuta wa pale mwembamba, na hitilafu hiyo haitasahihishwa na kukaza kwa namna yo yote. Aliyefundishwa kubana atakwenda kutafuta spana. Aliyefundishwa kukalisha atakwenda kutazama nukta zake, huenda akakuta chembe ya chuma iliyosalia chini ya nukta ya pili.

Baada ya kukaa ipo haja ya kutegemeza, nayo ni kazi ya namna yake. Vipande visivyo na umbo sawa vina mabawa na mikono inayoning'inia mbali na nukta tatu za chini. Chombo cha kukata kikifika huko, mkono hutetemeka, uso hutoka na mawimbi, na sauti yake husikika karakana nzima. Lazima pawe na tegemeo. Lakini tegemeo hilo halina ruhusa ya kuwa nukta ya saba. Likiinua mkono hata kidogo, kipande kitaondoka katika mahali pake. Ndiyo sababu tegemeo la kazi hii huweza kupanda na kushuka: hupandishwa hata liguse tu, kisha hufungwa pale pale lilipogusia.

Watu wa pwani wana neno la jambo hili hili. Jahazi likipwelewa, mkuku huketi juu ya mchanga, na tumbo la chombo, ambalo halina mstari ulionyooka popote, hutaka kulala upande. Wanamaji hutia gadi, magogo yanayoegemezwa mbavuni huku na huku. Gadi hailiinui jahazi wala hailibani, hulizuia lisilale. Mkuku umekwisha kulipa jahazi mahali pake, na gadi yaja baadaye kulinda mahali hapo. Ni vigumu kupata maelezo bora kuliko hayo ya tegemeo la kupanda na kushuka, na kamusi za zamani zimelihifadhi neno hili kwa maana yake ya baharini. Hata hivyo hukumu iwe ya haki: kijana wa karakana ya Dodoma au Kisumu hakuona gadi, naye hatalipenda neno kwa sababu tu babu wa mtu mwingine alilitumia. "Tegemeo" litamfaa, mradi lisichanganywe na kizuizi cha kukalishia. Gadi na ibaki kwa mwalimu anayetaka mfano wa kueleza maana. Mfano mwema waweza kufanya kazi kubwa kuliko istilahi.

Ndipo huja kubana kwenyewe, ambako ni kwa mwisho na ni kwa tatu. Kazi yake moja ni kukizuia kipande kisiondoke kwenye nukta zake wakati wa kukatwa. Chombo ambacho hutumika sana kwa maumbo yasiyo sawa ni pao la chuma lenye tundu la bolti: ncha moja hukanyaga kipande, ncha ya pili hukanyaga gogo la kisigino, na bolti katikati huvuta chini. Jina la "klampu" limezoeleka, lakini "gango" ni neno lililo tayari. Gango ni kitu cha kuunga na kushikiza, na kwa mganga wa mifupa ni vile vijiti vya kufungia kiungo kilichovunjika. Mganga hasemi kwamba ameponya mfupa kwa kufunga gango. Kwanza huunyosha mfupa, huvuta, hupapasa mpaka ncha zikutane, baadaye hufunga. Mfupa usiorudishwa mahali pake, ukafungwa gango kwa nguvu, huunga kombo, na nguvu ya kufunga ndiyo inayohakikisha kwamba utaunga kombo. Chuma nacho ni hivyo.

Katika habari ya gango yako mambo mawili ambayo maandishi ya mafunzo huyapita upesi. La kwanza ni kwamba nguvu ya bolti haiendi yote kwenye kipande. Hugawanywa baina ya kipande na gogo la kisigino kwa kadiri ya umbali. Pao likiwa na sentimita 12 kutoka kisigino hata kipande, na bolti ikiwa sentimita 4 kutoka kipande, kipande hupata theluthi mbili za nguvu. Bolti ikisogezwa ikawa sentimita 8 kutoka kipande, hupata theluthi moja tu. Bolti ile ile inayovuta kwa niutoni 9,000 yaweza basi kubana kwa 6,000 au kwa 3,000, na fundi hakubadili cho chote ila mahali. Fundi aliyekosea hapa hushangaa kwamba amekaza mpaka spana imelia na kipande bado kimeteleza. Alikuwa akilibana gogo. La pili ni kwamba gango linapaswa kukanyaga juu ya nukta ya kukalia, au juu ya tegemeo, ili nguvu ishuke moja kwa moja ndani ya chuma kigumu. Likikanyaga mahali palipo wazi chini, kipande hupinda kama ubao wa kitanda. Maneno "kaza gango" hayalisemi hilo. "Kaza gango juu ya nukta" yanalisema, na gharama yake ni maneno matatu.

Jinsi kubana kunavyoweza kusema uongo, mfano ulio wazi ni wa pete nyembamba katika kishikio cha taya tatu cha mashine ya kukereza. Taya tatu zikikaza, pete hubonyea katika sehemu tatu bila ya jicho kuona. Mkereza hukereza tundu lake likawa duara kamili, hupima, hufurahi. Akilegeza, chuma hurudi katika hali yake, na tundu lililokuwa duara hugeuka kuwa na pembe tatu za mviringo. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba kipimo cha nukta mbili, kinachogusa upande huu na upande unaoelekeana nao, chaweza kupita katika umbo hilo na kukuta upana ule ule pande zote. Pete imeharibika na kipimo kinaisifu. Hapana shaka kwamba pete hii "ilibanwa vizuri" kwa maana ya kawaida ya maneno hayo: haikuteleza, haikuruka, haikumpiga mtu.

Yafaa sasa kuyaangalia majina ya vyombo, ambayo aghalabu hufasiriwa kwa kufuata sura ya jina la kigeni wala si kazi ya chombo. Kishikio kilichotajwa sasa hivi ni mfano. Jina lake la Kiingereza likipewa irabu ya mwisho huwa "chaki", na chaki ni mali ya mwalimu wa darasani. Mafundi hawapotei, kwa kuwa mbele yao hakuna ubao. Lakini msomaji wa kitabu hana karakana mbele ya macho yake, na kitabu ndicho kinachomhitaji sana kutopotea.

Kadhalika "taya laini". Kwa maumbo yasiyo sawa fundi hufunga katika jiliwa taya za alumini au za chuma kisichotiwa ugumu, kisha kwa mashine ile ile huchonga ndani yake umbo la kipande, kama kitanda cha mkufu katika kijaluba cha sonara. Kipande huketi humo kwa uso mpana, nguvu hutawanyika, na kwa kuwa taya zimechongwa mahali zilipo, chanzo cha vipimo chao ni kile kile cha mashine. Ulaini wake ni sharti tu la kuweza kuchongwa. Faida yake yote imo katika kuchongwa. Anayeambiwa "taya laini" atadhani zimewekwa ili zisikwaruze, naye atatosheka na kipande cha ngozi au cha shaba. Zikiitwa "taya za kuchonga", au kwa urefu "taya za kuchongwa kwa umbo", jina litafundisha.

"Meza ya kufyonza" nayo ni jina linaloficha kazi. Hutumika kwa mabamba mepesi ambayo hayana mahali pa kukanyagwa na gango: hewa hutolewa chini ya bamba, na bamba hushikamana na meza. Jina hili humfanya mtu adhani kwamba meza inavuta, na kwamba pampu yenye nguvu zaidi itavuta zaidi bila mpaka. Kinachobana ni uzito wa hewa iliyo juu, nao una mpaka wake. Kando ya bahari mpaka huo ni karibu niutoni 10 kwa kila sentimita ya mraba, hata pampu iwe kubwa namna gani. Bamba la sentimita 20 kwa 15 laweza kubonyezwa kwa niutoni 3,000 hivi, si zaidi. Na kwa kuwa kinachozuia kuteleza ubavuni ni msuguano tu, kinachobaki dhidi ya chombo cha kukata ni sehemu ndogo ya hizo. Tena hewa ya bara ya juu ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake hubonyeza pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Fundi aliyejifunza kazi hii Mombasa akaenda nayo Nairobi, akakata kwa mwendo ule ule, bamba lake laweza kuruka, na neno "kufyonza" halitamsaidia kujua kwa nini.

Iko njia moja ambamo Kiswahili kina neno bora kabisa na bado halitumiwi. Bapa la turbini ya injini ya ndege limepindika kama jani la mgomba lililosokotwa. Halina pa kushikwa, na likibanwa kwenye uso wake laharibika. Viwanda vimezoea kulikalisha juu ya nukta sita ndani ya kalibu, kisha kulimiminia madini yanayoyeyuka upesi, hata bapa liwe ndani ya gogo lenye nyuso zilizonyooka. Gogo hilo ndilo linalobanwa, na shina la bapa lililobaki nje huchongwa. Baada ya kazi gogo huyeyushwa. Mchanganyiko wa bismathi, risasi, bati na kadimi huyeyuka katika nyuzi joto 70 hivi, chini ya joto la maji ya kuchemka. Na madini yenye bismathi nyingi, tofauti na mengi mengine, hutanuka kidogo yanapoganda, basi hushika bila kuacha nafasi. Ubaya wake ni kwamba risasi na kadimi ni sumu kwa mfanya kazi, na mabaki yake juu ya bapa huweza kulidhoofisha likiingia katika moto wa injini. Waandishi wamejaribu kuliita tendo hili kufunika, kuzamisha, hata kuzika. Limekuwapo muda wote neno "kusubu", na kwa kauli ya kutendea, bapa "hususubiwa"? La: huko ni kusukuma kanuni kupita kiasi. Yatosha kusema kwamba gogo limesubiwa juu ya bapa. Hapa msomaji aone kwamba bapa limeshikwa imara kuliko kipande kingine cho chote kilichotajwa, na halikubanwa hata mara moja.

Haya yote hayasemwi kwa chuki ya maneno ya kigeni. Meza ya mashine ni neno la Kireno, na parafujo pia. Misumari ni ya Kiarabu. Spana na nati ni za Kiingereza. Hakuna fundi anayelala vibaya kwa ajili hiyo. Jiliwa limo katika kamusi, na karakana nyingi husema "vaisi". Wote wawili waweza kuishi, maana kitu ni kimoja na hakuna anayepotezwa. Neno la kigeni linaloitaja ala moja kwa wazi ni mgeni mwema. Lenye madhara ni neno la nyumbani lililotandazwa juu ya vitendo vitatu hata likafuta mipaka yao, na hilo halionekani katika orodha za istilahi, kwa sababu orodha hizo hukusanya majina ya vyombo na kuviacha vitenzi. Jigi na fiksha, mathalan, zikiandikwa kwa herufi za Kiswahili zikapewa maana moja ya "kishikio", kosa si herufi. Ya kwanza huongoza chombo cha kukata, ya pili hukishikiza kipande peke yake. Mwenye kuanza na kitendo asingezichanganya.

Ichukuliwe sentensi ya namna hii, iliyotungwa hapa kwa mfano wa maagizo ya karakana: "Bana kipande vizuri mezani kabla ya kuwasha mashine." Sarufi yake haina dosari. Kwa ganda la pampu ingepasa kuandikwa: "Futa nukta zote. Kalisha kipande juu ya nukta tatu, kisukume kiguse mbili za ubavuni, kisha ile ya mwisho. Kijaribu kwa mkono kama kinacheza. Pandisha tegemeo hata liguse, ulifunge. Weka magango juu ya nukta, bolti karibu na kipande, ukaze kwa zamu." Ni ndefu mara nyingi zaidi, na mhariri atalalamikia karatasi.

Kitu kimoja bado kimekosekana humo, nacho ni "kulegeza". Chuma kilichosubiwa kina mivutano ndani yake. Ngozi ikiondolewa katika mkato wa kwanza, kipande hupenda kujipinda, na magango humzuilia haja yake. Fundi mzoefu hulegeza magango yote kabla ya mkato wa mwisho, hukiacha kipande kijipinde kama kinavyotaka, hukikalisha upya, kisha hukaza kwa nguvu ndogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa mkato wa mwisho ni mwepesi. Katika maagizo yaliyojengwa juu ya kitenzi "bana" agizo hili halina pa kuingia. Laonekana kama kumwambia mtu afungue mlango wa ghala usiku. Katika maagizo yaliyojengwa juu ya "kalisha" lingekuwa mstari wa kawaida, kati ya mkato wa kwanza na wa pili.